Alfajiri tisa Uganda: kupanga safari yako ya kwanza ya kupiga picha za wanyama

Kila mwaka, msimu wa likizo ukikaribia, napigiwa simu na jamaa wa Mombasa, Arusha au Nairobi ambaye amenunua kamera nzuri na sasa anataka kuja Uganda. Swali lake la kwanza huwa ni lile lile: "Kwa siku kumi naweza kuona mbuga ngapi?" Nami huwa namwambia aiweke ramani pembeni kwanza, tuhesabu alfajiri.

Sababu ni jua. Hapa tumekaa juu ya Ikweta, na jua la Ikweta halipandi kwa mshazari kama la nchi za mbali kaskazini. Linapanda wima. Ule mwanga laini wa rangi ya asali unaoupenda kwenye picha za watu hudumu muda mfupi mno, na ikifika saa tatu asubuhi umeshageuka mweupe mkali, vivuli vyeusi chini ya macho ya simba, nyasi zimepauka. Jioni ni vivyo hivyo, na jioni mara nyingi mawingu huja kuharibu. Kwa hiyo mtaji wako wa safari ni idadi ya asubuhi utakazokuwa tayari ndani ya hifadhi jua linapochomoza. Asubuhi uliyolala mjini au ukiwa barabarani imekwenda na maji.

Ukitoka pwani, rekebisha pia saa ya kichwani. Tunatumia saa ile ile ya Afrika Mashariki, lakini Kasese, mji wa magharibi mwa Uganda, iko magharibi sana kuliko Mombasa, na jua huchelewa kiasi cha dakika arobaini hivi. Mombasa kumeshapambazuka zamani wakati huku bado unatafuta viatu kwa tochi.

Kwanza: kata orodha

Uganda ina hifadhi za taifa kumi, na zote zinasimamiwa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ambayo kila mtu huiita UWA. Safari ya kwanza chukua tatu, pamoja na kinamasi kimoja. Huu ndio mpango ninaowapa watu, nimeurekebisha mara nyingi kwa makosa yangu mwenyewe:

Alfajiri ya 1, kinamasi cha Mabamba karibu na Entebbe. Ya 2, barabarani kuelekea kaskazini, ukisimama kwenye hifadhi ya vifaru iitwayo Ziwa. Ya 3 na ya 4, Murchison Falls. Ya 5, barabarani kuteremka magharibi kupitia Hoima na Fort Portal. Ya 6 na ya 7, nyanda za Kasenyi ndani ya Queen Elizabeth. Ya 8, Ishasha, ambayo ni kona ya kusini ya hifadhi hiyo hiyo. Ya 9, gorila wa msitu wa Bwindi. Siku ya kumi unarudi Kampala, na ukiwa na nguvu unaweza kukata kona kuingia Ziwa Mburo kwa pundamilia na pofu.

Alfajiri saba za picha, mbili za barabara. Ukiongeza hifadhi nyingine, ujue unaongeza barabara na kupunguza picha.

Najua utauliza kuhusu sokwe wa Kibale na kuhusu Kidepo. Sokwe ni kazi ngumu kwa mgeni wa kamera: wako juu ya miti, msitu una giza, na wakishuka chini wanakimbia. Waache mpaka safari ya pili. Kidepo, kule Karamoja kwenye mpaka wa Sudan Kusini, kwangu mimi ndiyo hifadhi nzuri kuliko zote nchini, na kwa sababu hiyo hiyo haifai kubanwa katikati ya ratiba. Kutoka Kampala kwa gari ni safari ya siku nzima na zaidi. Ipe safari yake peke yake.

Pili: kibali cha gorila kinapanga tarehe zote nyingine

Usinunue tiketi ya ndege wala kuweka akiba loji yoyote kabla ya kibali hiki. Kila kundi la gorila hupokea wageni wanane tu kwa siku, kwa saa moja tu. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari, vibali huisha mapema. Aprili, Mei na Novemba ni rahisi kupata, ila utalowa. Bwindi hata hivyo mvua hainyeshi kwa kalenda.

Mgeni kutoka nje hulipa dola 800. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi za Uganda, laki chache tu, sehemu ndogo sana ya bei hiyo, mradi aonyeshe pasipoti au kitambulisho cha taifa. Hakikisha bei ya siku hiyo na UWA wenyewe au wakala unayemwamini, maana hubadilika.

Hapa ndipo watu wengi huangukia. Bwindi ina sehemu nne za kuanzia: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo. Kibali chako ni cha sehemu moja maalumu. Kwenye ramani zinaonekana jirani, lakini kati yake kuna milima, na barabara inazunguka. Rafiki yangu mmoja wa Tanga alilipia chumba kizuri Buhoma, kisha wakala wake akampatia kibali cha Rushaga. Aliamka saa tisa usiku, akatikiswa kwenye gari gizani, akafika maelezo ya renja yamekwisha na yeye anatapika. Kwa mpango wangu unatoka Ishasha, kwa hiyo omba Buhoma. Ni karibu na Ishasha kuliko sehemu nyingine.

Tatu: gari na watu wa kukaa nao

Gari liwe la paa la kufunguka, na wapiga picha wasizidi watatu, kila mmoja na safu yake ya viti ili apige pande zote mbili. Wanne wanabanana. Sita ni basi la shule.

Nawaomba pia, kwa heshima zote, msichanganye mpiga picha na familia yake katika safari hii. Mpiga picha anataka kukaa dakika arobaini akimsubiri furukombe aruke kutoka kwenye tawi. Watoto wanataka soda. Wote wana haki zao.

Dereva ni muhimu kuliko lenzi. Kabla ya kukubaliana naye muulize maswali mawili: "Injini unaizima ukisimama?" na "Jua unaliweka wapi?" Akianza kukueleza habari ya kusogea mpaka jua liwe nyuma ya bega lako, mchukue huyo. Injini inayonguruma hutikisa gari zima, na picha ya lenzi ndefu hutoka na ukungu. Mwambie mapema pia kwamba hutaki aache njia kumfuata mnyama. Kuna faini, na anayeandikwa ni yeye.

Loji iwe ndani ya hifadhi au mlangoni kabisa. Ukilala saa nzima kutoka langoni kwa ajili ya kuokoa pesa, umeiuza ile alfajiri uliyoisafiria.

Kuhusu lugha: Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kikatiba tangu 2005, ila usitegemee kukisikia Kampala kama Nairobi. Kuna wazee Buganda ambao bado wakisikia Kiswahili wanakumbuka askari wa zamani waliokuja kuvunja milango. Porini mambo ni tofauti. Marenja wengi wamepitia mafunzo ya kijeshi, na Kiswahili ndicho lugha ya kambini. Wavuvi wa upande wa Kasese, karibu na Kongo, nao wanakielewa vizuri. Salimia kwa lugha ya mwenyeji kwanza, kisha jaribu Kiswahili kwa upole. Nimewahi kuongezewa nusu saa nzuri Kasenyi kwa sababu renja alifurahi kupata mtu wa kupiga naye stori kwa lugha aliyojifunzia kazi.

Nne: mkoba wa vifaa

Lenzi mbili zinatosha. Moja ya zumu ndefu, ya milimita 100 hadi 400 au inayofika 500 au 600. Nyingine ya 70 hadi 200 yenye tundu pana la f/2.8, kwa ajili ya msitu. Ukiwa na lenzi ya tatu pana ya mandhari, sawa, utaitumia kwenye maporomoko. Kama huna hiyo ya f/2.8, azima au kodi. Usikope pesa kuinunua kwa ajili ya saa moja ya gorila.

Stendi ya miguu mitatu iache nyumbani, ndani ya gari haifunguki. Njoo na mfuko mtupu wa kitambaa kigumu wenye zipu, kama foronya ndogo ya jinzi. Ukifika Kampala, ingia soko lolote, nunua kilo tatu za maharage, ujaze. Mfuko huo ukiuweka kwenye ukingo wa paa la gari unashika lenzi kubwa kuliko stendi ya bei ghali. Siku ya mwisho mpe mpishi wa loji maharage yake.

Vumbi la barabara za marumu ni jekundu na linaingia kila mahali. Usibadilishe lenzi ndani ya gari linalotembea. Kama una kamera mbili, kila moja ibaki na lenzi yake mpaka jioni. Leta betri tatu au nne: loji nyingi za hifadhini hutumia sola au jenereta inayozimwa usiku, na soketi ya chaji iko mapokezi, mnagombania watu kumi na wawili.

Nguo ziwe za rangi ya udongo. Bluu na nyeusi huwavuta mbung'o, na mbung'o wa Murchison wanauma juu ya shati. Nguo za mabaka ya kijeshi usithubutu: kwa raia wa kawaida ni kosa la jinai nchini Uganda. Mimi hata soksi ya lenzi yenye mabaka nimeiacha, sitaki mjadala kwenye kizuizi cha barabarani. Droni nayo iache kwenu kama huna kibali cha mamlaka husika. Itabaki mikononi mwa forodha Entebbe wewe ukiendelea na safari.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe pamoja na pasipoti. Dola ziwe mpya, noti kubwa. Za zamani zinakataliwa au kununuliwa kwa bei ya kutupa.

Tano: picha zenyewe, mahali kwa mahali

*Mabamba.* Anza hapa kwa sababu ndege wa hapa anamvumilia mwanafunzi. Ni korongo-nyangumi, Waganda humwita bulwe: ndege wa kijivu anayezidi mita moja kwa urefu, domo kama kiatu cha mbao, husimama bila kutikisika akimvizia samaki aitwaye kamongo atoke matopeni. Uwe kwenye mtumbwi saa moja asubuhi. Mtumbwi uko chini, karibu usawa wa maji, kwa hiyo unapiga jicho kwa jicho bila kuhangaika. Kwa kuwa hatikisiki, una muda wa kukosea na kurekebisha. Kaa kimya hata akiwa mbali. Wageni wengi hupiga picha mia moja za kwanza kwa pupa, halafu wanageuza mtumbwi kabla hajafanya lolote. Msubiri ainamishe kichwa: hapo yuko karibu kujitupa, na hapo weka kasi ya shata 1/2000 ya sekunde.

Kuna simulizi kwamba wavuvi wa zamani walimchukia, wakiamini kumwona ni nuksi, hutapata samaki siku hiyo. Sasa watoto wao ndio wanaokupigia kasia.

*Ziwa.* Usichanganywe na jina, ni hifadhi ya vifaru Nakasongola, kwenye barabara ya kwenda Gulu. Vifaru wa Uganda waliuawa wote wakaisha porini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hawa weupe waliletwa kuanzia 2005, wengine kutoka Kenya, wengine Marekani. Ndama wa kwanza, aliyezaliwa 2009 kwa baba wa Kenya na mama wa Marekani, aliitwa Obama, jina gani tena? Unawafuata kwa miguu na renja. Utafika kumeshakucha na jua kali, kwa hiyo tafuta kifaru aliyelala kivulini, piga ngozi, sikio, jicho. Ukiweka picha mtandaoni, zima kwanza alama ya mahali kwenye simu yako.

*Murchison.* Kando ya kaskazini ya Mto Naili ndiko kwenye wanyama: twiga, tembo, nyati, na kobu wa Uganda, yule swala wa kwenye nembo ya taifa. Siku hizi kuna daraja pale Paraa, hakuna tena kusubiri pantoni. Asubuhi zote mbili nenda njia za Buligi, kwenye tambarare yenye mivumo mirefu, miti ya jamii ya mitende. Dereva wako akifika hapo kabla ya jua, mwambie awaweke twiga kati yako na mashariki. Punguza mwanga wa picha kwa hatua moja na nusu kwenye kipimo cha +/- cha kamera, waache wawe vivuli vyeusi kwenye anga ya machungwa, shingo na mivumo vikilingana urefu. Picha hii haihitaji lenzi ya mamilioni.

Boti ya kwenda chini ya maporomoko chukua ile ya mchana, usiende na ya asubuhi. Hili nimelipa ili kulijua. Mto Naili hapo unashuka kuelekea magharibi, kwa hiyo maporomoko yanatazama magharibi. Asubuhi jua liko nyuma yake na unapata ukungu mweupe tu. Alasiri jua liko mgongoni mwako na maji yote yanayobanwa kwenye ufa wa mita saba hivi, yakianguka zaidi ya mita arobaini, yanang'aa. Njiani kuna viboko na mamba wa kutosha, na ndege keremkerem kwenye kuta za udongo. Boti inatikisika, kwa hiyo shata isishuke chini ya 1/1000. Wazee wa Bunyoro bado wengine huyaita maporomoko ya Kabalega, kwa jina la mfalme wao. Ukilitumia utaona nyuso zinavyofunguka.

*Queen Elizabeth.* Kasenyi alfajiri, boti ya mfereji wa Kazinga alasiri, wakati tembo na nyati wanashuka kunywa. Kasenyi tazama kobu, usitazame simba. Kobu wakiwa wamesimama wote wakiangalia upande mmoja, masikio mbele, simba yuko huko.

Simba wa Ishasha ndio wale maarufu wanaopanda mikuyu. Sitakuahidi. Wamepungua kwa sumu na mitego: mwaka 2018 waliuawa kumi na mmoja hifadhini humo, na Machi 2021 wakakutwa sita wamekufa Ishasha. Ndiyo maana nimekupa jioni moja na alfajiri moja kule. Ukimpata juu ya mti, tatizo lako ni anga jeupe nyuma ya matawi. Kamera itadanganyika na kumfanya simba mweusi. Ongeza mwanga hatua moja, au hamisha gari mpaka nyuma yake pawe na majani badala ya anga. Muulize pia renja habari za Jacob, simba wa miguu mitatu aliyekatwa na mtego, ambaye Februari 2024 alionekana akiuvuka mfereji wa Kazinga usiku kwa kuogelea zaidi ya kilomita moja pamoja na ndugu yake. Kila renja ana toleo lake.

*Bwindi.* Mnaanza kutembea kama saa mbili na nusu asubuhi baada ya maelezo. Inaweza kuwa nusu saa, inaweza kuwa saa sita za kupanda mtelezo ukishika mizizi. Chukua mpagazi. Wapo vijana wa kijijini langoni, malipo yao ni madogo ukilinganisha na kibali chako, na baadhi ya familia zao ziliishi kwa msitu huu kabla haujafungwa 1991. Atakubebea mkoba na kukuvuta mkono kwenye matope. Nilikataa mara ya kwanza kwa kiburi, nikafika kwa gorila mikono inatetemeka mpaka picha kumi za mwanzo hazifai.

Mpangilio wa kamera ufanye kabla hujafika, ukiwa bado unapumzika. Tundu f/2.8 au f/4, shata isishuke chini ya 1/250, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 3200 na usiogope 6400. Halafu hili: punguza mwanga kati ya theluthi mbili na hatua moja. Kamera ikiona manyoya meusi hudhani ni giza, inaongeza mwanga, na gorila anatoka wa kijivu kama aliyemwagiwa majivu. Mmulimuli (flashi) uzime kabisa, ni marufuku. Utavaa barakoa na kukaa mita kumi, kwa sababu mafua yetu huwaua. Ukiwa na mafua sema langoni, usifiche.

Omba siku ya mawingu. Jua kali msituni linatoboa majani na kumchora gorila madoa meupe ambayo hakuna programu itakayoyafuta.

Gawa saa yako hivi: dakika ishirini za mwanzo piga unachokiona. Zinazofuata chagua gorila mmoja, ukae naye. Jicho likiwa na nukta ya mwanga, bonyeza. Mikono, hasa mikono, piga mikono. Dakika kumi za mwisho kamera ining'inie shingoni. Hakuna anayenisikiliza hapa, lakini naandika.

Jioni, kila jioni

Nakili kadi kwenye diski mbili kabla ya chakula, maana baada ya chakula utasinzia. Diski moja ikae mkobani mwako, nyingine kwenye mkoba wa mwenzako. Kadi usizifute mpaka ufike nyumbani. Nunua kadi za kutosha badala ya kufuta. Safisha kamera kwa brashi, na kama usiku ni baridi Bwindi, iache ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la chumba, usije ukaikuta lenzi imejaa jasho saa kumi na mbili asubuhi.

Barabarani usipige madaraja, mabwawa ya umeme wala askari. Daraja na bwawa la Karuma hasa, haijalishi maji yanapendeza kiasi gani. Watu wa sokoni na wavuvi omba kwanza, na ukiahidi kutuma picha, andika namba papo hapo kwenye daftari. Mimi bado nina deni la picha kwa mzee mmoja wa Katwe, mchimba chumvi, na kila nikipita huko ananikumbusha kabla hata ya salamu.